Jina Bila Mti

Sura ya Saba

Tangu asubuhi Chiriku hakuweza kutulia. Alifagia sebule, akaona bado ina vumbi, akafagia tena. Alibadili vitambaa vya makochi, kisha akavirudisha vile vya kwanza. Mama yake alimtazama kutoka mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mwanangu, anayekuja ni Twiga. Si bwana afya."

"Mama, anakuja na mjomba wake."

"Na mjomba wake ana macho mawili tu kama sisi. Kaa chini, utatoboa zulia."

Maneno yake yalikuwa makali, lakini gauni la samawati la Chiriku lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyesema nani kalipiga. Katika nyumba ile mambo mema yalifanywa hivyo. Ukishukuru, unaambiwa usilete maneno mengi.

Baba yake, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa, alikuwa amefunga kazi mapema na kuvua utepe wa kupimia shingoni. Huo utepe hakuuvua hata siku za misiba. Alikaa kwenye kiti chake akijifanya anasoma gazeti la wiki iliyopita.

"Mwanaume mzima," alisema bila kuinua macho, "anashinda anachezea udongo."

"Baba, mimi mwenyewe nachezea udongo."

"Wewe ni mwanangu. Wako nimeshauzoea."

Chiriku alicheka. Baba alikuwa akisema hivyo tangu siku alipoambiwa kuna Twiga, na kila mara alisema kwa sauti ya chini kidogo kuliko jana yake. Leo alikuwa amefika mahali pa kunung'unika tu. Chiriku aliona hiyo ni dalili njema.

Kijana na binti walikuwa wamekutana kazini, kwenye kitalu cha miche cha mama mmoja ambaye wafanyakazi wote humwita Bosi. Twiga, aliyepewa jina hilo kwa urefu wake, alikuwa msimamizi wa miti ya mapambo. Chiriku, aliyeitwa hivyo na baba yake tangu akitambaa, maana hakunyamaza hata usingizini, alifanya kazi kwenye kibanda cha kubebesha miche, yaani kupandikiza kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Kilichowaunganisha ni mti.

Ulikuwa mti wa elmi, ule wa kivuli ambao watu hupanda kando ya barabara na kwenye bustani. Kitaluni ulikuwepo mmoja mzee, nyuma ya tangi la maji, wa kijani cha kawaida, hakuna aliyeutazama mara mbili. Msimu mmoja Chiriku akaona, juu kabisa, tawi dogo limetoa majani ya rangi ya dhahabu. Wenzake walisema tawi linaumwa, likatwe litupwe. Yeye alipanda juu ya tangi na viatu vyake vya mpira, akalishika, akalikuta lina afya kuliko matawi yote.

Mbegu zake zisingefaa, kwa sababu mbegu ya tawi kama lile hurudi kijani. Njia ilikuwa moja: kukata kijiti cha dhahabu, kukichonga, kukibebesha juu ya shina changa la elmi ya kawaida, kufunga, halafu kumwachia Mungu. Vijiti vya kwanza vilikauka vyote. Vya pili pia. Ndipo Chiriku akatambua kwamba elmi ile haitaki kuguswa ikishaamka. Lazima kijiti kikatwe mti ungali umelala, kabla macho yake ya kuchipulia hayajavimba. Alipofanya hivyo, vikashika. Sasa ilikuwepo safu nzima ya miti midogo, matawi yameinama kama mwavuli, majani ya dhahabu yasiyoungua hata jua likiwa kali. Bosi alitaka kuusajili kuwa aina mpya, uende kwenye bustani za mahoteli na za watu wenye nafasi.

Na Twiga? Siku vijiti vya kwanza vilipokauka, Twiga hakusema pole. Alikwenda akanoa kisu kipya, akakiweka juu ya benchi mbele ya Chiriku, akaondoka. Siku ile ndipo Chiriku alipoanza kumtazama vizuri, na tangu hapo hakuacha.

Honi ililia nje.

"Wamefika!" Mama alipiga kelele, povu bado mikononi.

Ilikuwa pikapu ya mjomba, ile anayobebea matofali. Mjomba mwenyewe alishuka akicheka kabla hajasalimiwa. Twiga alifuata, akatoka garini kipande kwa kipande, mguu, bega, kichwa, mguu wa pili. Alivaa koti jeusi ambalo mikono yake iliishia mbali sana na viganja.

"Mungu wangu," Baba alinong'ona dirishani. "Huyu nani kamshonea?"

"Baba, tafadhali."

"Nauliza tu. Hili ni kosa la fundi, si la mtoto wa watu."

Chiriku alitoka kibarazani. Macho yake yakakutana na ya Twiga, na kama kawaida moyo ukamruka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Twiga alitabasamu. Kisha akageukia nyuma ya pikapu, wakashusha na mjomba wake kitu kirefu kilichofunikwa shuka jeupe, kimekaa ndani ya chungu kikubwa cha plastiki.

Chiriku aliijua ile namna ya kuinama hata chini ya shuka.

"Twiga," alisema kwa sauti ya chini. "Umeutoa kitaluni?"

"Ngoja kidogo."

"Bosi amekataza hata jani lisitoke getini mpaka usajiliwe!"

"Chiriku. Ngoja kidogo tu."

Akangoja. Kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa kazi ndogo.

Wageni waliingia, shikamoo zikatolewa na kuitikiwa, chai ikamiminwa. Mjomba alisifu chai, akasifu biskuti, akasifu makochi, akasifu hata pazia. Mama alianza kumpenda palepale. Twiga alikaa ukingoni mwa kiti, magoti yake yamefika karibu na kidevu. Chiriku alipompelekea kikombe, aliona kijana anatetemeka, basi akakiweka mezani badala ya kumpa mkononi, asije akajimwagia. Twiga aliliona hilo. Walitazamana tena.

"Ndugu zangu," mjomba alisimama, "sisi hatukuja mikono mitupu. Wengine huleta vitu vya dukani. Mpwa wangu ameleta kitu ambacho duniani hakipo!"

Akavuta shuka. Jua la mchana lilipita dirishani likaangukia majani, na sebule yote ikabadilika rangi. Mama aliweka mkono mdomoni. Hata gazeti la Baba lilishuka.

"Mzuri," Baba alisema. "Sikatai. Mzuri."

"Subiri, shemeji yangu mtarajiwa! Mti huu Jumatatu unakwenda mbele ya wakaguzi, na ukipita utajulikana kila mahali kwa jina moja." Mjomba alinyoosha mkono kwa Twiga. "Sema mwenyewe, baba."

Twiga alisimama. "Tumeuita Elmi Chiriku."

Alimtazama binti alipokuwa akisema. Macho yake yalikuwa na ile njaa ya mtu aliyetoa zawadi na anasubiri ifunguliwe. Chiriku alihisi uso umepata moto. Kwa kitambo kifupi alifurahi, tena sana. Jina lake, juu ya mti ule! Angemkumbatia pale pale kama wazazi wasingekuwepo.

"Elmi nani?" aliuliza Baba.

"Chiriku, Baba," alijibu Twiga.

"Hilo jina nilimpa mimi." Gazeti lilikunjwa. "Nilimpa usiku mmoja hataki kulala, nimembeba, anabwabwaja mpaka alfajiri. Leo libandikwe kwenye chungu? Mtu apite asome, 'Chiriku, bei kadha, punguzo ukichukua watatu'?"

"Baba, ni heshima..."

"Na wakimkata matawi? 'Leteni panga, Chiriku amekua vibaya'! Uliniomba? Ulimwomba yeye?"

Mjomba, kwa nia njema kabisa, alikimbilia kuzima moto kwa kibaba cha mafuta ya taa.

"Shemeji, usiumie! Jina ni la binti, lakini mti uko salama, haujaenda kwa mgeni. Mwenye mti ndiye huyu huyu mpwa wangu. Ndiye ameandikishwa kuwa mzalishaji. Mtu akiuliza nani aliyeupata mti huu, atajibiwa ni Twiga! Kwa hiyo mkwe wako ana mti, na mti una jina la mwanao. Hapo kuna hasara gani?"

Kimya kiliingia. Mama alimtazama mumewe, kisha akamtazama bintiye, kwa sababu kimya kile kilikuwa kinatoka upande wa Chiriku, na kutoka upande huo kilikuwa kigeni.

"Ni kweli?" Chiriku aliuliza hatimaye.

"Nilitaka kukueleza..."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Chiriku alichukua birika, ingawa lilikuwa limejaa. "Nakwenda kuongeza maji," alisema, akaondoka.

Jikoni Mama alimfuata mbio, akafunga mlango kwa mgongo.

"Usifanye ujinga, mwanangu."

"Bado sijafanya kitu."

"Nakuona usoni. Sikiliza. Nilipolazwa, nani alikuja kila jioni akanibebea maji? Nani alikaa na baba yako kwenye benchi, hawasemi neno, mpaka daktari akatoka? Mwanaume wa namna hii haokotwi barabarani."

"Najua, Mama."

"Basi mezea. Mti ni mti."

"Ndiyo maana inauma!" Birika lilitua kwa kishindo. "Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshamaliza. Ningemfukuza na mjomba wake na matofali yake, nikaja nikala biskuti zilizobaki. Lakini ni yeye, Mama. Alikuwepo vijiti vilipokauka. Aliniona nikilia. Anajua kila kitu, na bado ameweza kusema ni wake."

Mama alichukua kitambaa, akamfuta bintiye uso taratibu, kama alivyomfuta alipokuwa mdogo, kuanzia paji la uso kushuka. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma.

"Kapunge upepo," alisema. "Nitamwambia aje. Mkagombane huko, sebuleni kuna wageni."

Uani kulikuwa na kamba ya nguo na mashati ya wateja wa Baba. Twiga alitokea akiinama kuyapita, shati moja likamng'ang'ania kichwani. Siku nyingine Chiriku angecheka. Alimwacha ajinasue mwenyewe.

"Umekasirika," Twiga alisema.

"Sijakasirika. Hasira ni kitu cha siku moja. Mimi nimechoka."

"Bosi aliniita ghafla. Alisema anataka jina moja, na wewe ulikuwa hospitali na mama. Mimi ndiye msimamizi. Nikasema langu."

"Simu yangu ilikuwa imezimwa?"

"Hapana."

"Nilihama mji?"

"Hapana, Chiriku. Nilifanya vibaya. Nikajisikia vibaya, ndipo nikaomba uitwe kwa jina lako."

"Ahaa. Kwa hiyo lile jina ni fidia."

"Ni mapenzi!"

"Ni fidia iliyovaa koti la mapenzi. Tena koti lenyewe fupi." Alijuta kidogo kusema la koti, lakini hakurudi nyuma. "Umenipa jina, Twiga, ukachukua mti. Watu watapita watasema, lo, huyo Chiriku alipendwa. Hakuna atakayesema, huyo Chiriku alijua kazi."

Twiga alitazama chini. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kisu, kama vya Chiriku. Chiriku aliviona na akatamani kuvishika, na jambo hilo likamwongezea uchungu. Mbona moyo hauwezi kungoja ugomvi umalizike kwanza?

"Nilidhani," Twiga alisema polepole, "tutakuwa nyumba moja. Changu si ni chako?"

"Kama ni sawasawa hivyo, kwa nini usiandikishe langu? Halafu wewe ndiye ungekuwa unatembea ukisema, cha mke wangu ni changu. Kwa nini hukuliona hilo?"

Twiga alisugua kisogo chake.

"Wakaguzi wakikuuliza mti ulianzaje, utasemaje?"

"Nitasema niliona tawi..."

"Uliliona?"

"Ulinionyesha."

"Na wakikuuliza kwa nini vijiti vya mwanzo vilikauka?"

"Chiriku, basi."

"Basi nini? Ndiyo kwanza naanza!"

Twiga alivuta pumzi ndefu. "Kuna jingine. Afadhali ulisikie kwangu. Bosi alisema mti ukipita, mimi nitakuwa mkuu wa idara mpya. Nilitaka kuja hapa nikiwa na kitu mkononi. Baba yako husema nachezea udongo. Kila nikija nasikia. Nilitaka nikikaa kwenye lile kochi, niwe mtu."

"Baba yangu aliwahi kukuuliza cheo?"

"Sikuuliza!" sauti ilitoka dirishani, nyuma ya pazia. "Nilisema udongo tu! Ni utani wa mkwe, kijana! Mtu nisiyemtaka simtanii!"

"Baba! Unasikiliza?"

"Nyumba ni yangu, masikio ni yangu."

Pazia likatulia. Twiga alibaki ameduwaa, kama mtu aliyebeba mzigo safari nzima halafu anaambiwa ungeweza kuuacha njiani. Chiriku alimwonea huruma, akaizuia.

"Unataka nifanye nini?" Twiga aliuliza.

"Sitaki kukuambia. Kila kitu nikuambie mimi? Tawi nikuonyeshe mimi, na aibu nikuonyeshe mimi?"

Twiga alitoa simu mfukoni, akapita katikati ya mashati, akarudi ndani. Chiriku alimfuata kwa sababu asingeweza kutomfuata.

Twiga alisimama katikati ya sebule, kando ya mti, akaweka simu kwa sauti kubwa. Iliita. Bosi alipokea, nyuma yake kukisikika mashine ya kukaushia nywele.

"Wewe! Si leo unaposa? Umekataliwa?"

"Bado, Bosi."

Mjomba alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Bosi, nataka kubadili jina la mzalishaji. Mti si wangu. Chiriku ndiye aliyeliona tawi, na ndiye aliyelibebesha. Mimi nilimwagilia na kupanga safu."

Mashine ilizimwa. "Unasema haya leo? Tumebakiza Jumapili tu!"

"Nilipaswa kusema siku ile."

"Sikiliza, Twiga. Mimi nilitaka mtu atakayesimama mbele ya wakaguzi akaeleza."

"Bosi," Chiriku aliingilia, "tangu lini mimi nikashindwa kueleza?"

"Kumbe uko hapo." Bosi aliguna. "Kushindwa kueleza, hapana. Kunyamaza ndiko kunakokushinda. Haya. Mnajua maana yake? Jumatatu imekufa. Mzalishaji akibadilika, maombi yote yanaanza upya, na wakaguzi watataka kuuona mti msimu mwingine mzima, majani yakitoka na yakipukutika. Wenye zile bustani mpya hawatangoja, watapanda miti ya watu wengine. Na ile idara, Twiga, sina cha kukufanyia. Nitampa aliye tayari."

"Nimeelewa."

"Umeelewa unachotupa?"

"Nimeelewa, Bosi. Hakikuwa changu."

Sauti ya Bosi ilipungua ukali. "Chiriku. Ilinipasa kukuuliza mimi mwenyewe. Tutaongea Jumatatu. Na nyinyi, mlinzi amenipigia, safu ina pengo. Nani kachukua mti?"

Watu wote sebuleni walitazama majani ya dhahabu.

"Uko hapa," Twiga alikiri.

"Urudi leo! Jua halijazama!" Simu ikakatwa.

Mjomba alipiga makofi mawili, akaona hakuna anayemuunga mkono, akaacha. Mama alimtazama Chiriku kwa macho yanayosema, haya, unataka nini tena? Twiga naye alimtazama, jasho likimtoka. Hakutabasamu, wala hakuomba chochote.

Chiriku alihisi kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zake zote, kumbe umeshafunguliwa, akaangukia ndani. Jina la mzalishaji lingekuwa lake. Na msimu umepotea. Miti yake itakaa kitaluni mwaka mwingine wakati bustani zinapandwa mingine. Twiga amepoteza idara. Kila alichopata kilikuja kimevunjika upande mmoja.

"Sasa niruke?" alisema. "Nipige vigelegele? Laiti ungesema siku ile, Twiga! Neno moja tu. Jumatatu ingekuwa yetu wote wawili."

"Najua."

"Usiseme najua! Ukisema najua siwezi kugombana na wewe!"

Baba alijikohoza. Alisimama, akaenda kwa Twiga, na bila kuuliza akashika ncha ya mkono wa koti, akaupindua, akatazama pindo la ndani.

"Kitambaa kipo," alisema. "Kimekunjiwa ndani bure. Vua, uliache hapa, nitalishusha." Twiga alivua, akabaki na shati. Baba alilikunja koti juu ya mkono wake. "La jina sijalisamehe bado. Lakini umesema ukweli mbele ya mjomba wako, na hilo si jepesi." Kisha akageuka. "Mwanangu, hawa wamekuja kwa neno moja. Tuwajibu nini?"

Chumba kizima kilimwelekea Chiriku. Alimtazama Twiga, na Twiga akamtazama, na hapo katikati yao palikuwa na kila kitu, mapenzi, aibu, kazi ya miaka.

"Baba, nampenda," alisema. Mama alishusha pumzi, lakini Chiriku akainua mkono. "Nampenda, ila leo siwezi kusema ndiyo. Nikisema sasa hivi, nitakuwa nimeposwa kwa simu moja. Na yeye atadhani deni limekwisha. Sijasema hapana. Nasema nimeudhika, na sitaki kuolewa huku nimeudhika."

"Mwanangu!" Mama alilalamika.

"Mwache," Baba alisema. "Nguo isiyokaa vizuri begani, huitoi dukani kwa sababu mteja ana haraka."

Mjomba aliinua mikono. "Sisi tutangoja. Chai yenu inaruhusu kungoja." Mama, ambaye alikuwa karibu kulia, akacheka kwa kutopenda, akaenda kumfungia biskuti za safari.

Ilibaki kurudisha mti. Mjomba alitaka kuulaza nyuma ya pikapu juu ya magunia.

"Kuulaza?" Chiriku alitoka mbio, gauni la samawati na kila kitu. "Pale nilipobebesha bado pachanga! Upepo ukiusukuma kidogo tu utakwanyuka! Lazima usimame, na ushikwe."

"Basi Twiga ataushika."

"Twiga ana mikono miwili. Chungu kinataka wawili na shina linataka wawili." Akapanda nyuma ya pikapu bila kumtazama mtu. "Twendeni, jua halitungoji."

Mama alimrushia sweta kuukuu. "Gauni hilo!" alilia. "Nimelipiga pasi asubuhi yote!" Kumbe ndiye. Lakini tayari pikapu ilikuwa inarudi nyuma.

Walikaa juu ya magunia, chungu katikati yao, magoti yakigusa plastiki pande zote mbili. Mjomba aliendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha maishani mwake, akikwepa kila shimo. Majani yalicheza baina ya nyuso zao, na Chiriku hakumwona Twiga ila vipande, jicho, kona ya mdomo, sikio. Alishukuru, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Walipita maduka, wakapita kituo cha mafuta. Watu wa kando ya barabara waliutazama mti, wengine wakageuka kabisa.

"Chiriku," Twiga aliita kutoka upande wa pili.

"Usiniite."

"Sikuiti. Nina swali. Nilipaswa kuliuliza kabla ya yote."

"Kama ni la kuolewa, nimeshajibu."

"Si la kuolewa." Pikapu iliyumba kidogo, wote wawili wakakaza mikono kwenye shina, vidole juu ya vidole. Hakuna aliyeondoa vyake. "Mti wako. Wewe ungependa uitweje?"

Chiriku alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kila kitu tangu anatambaa, lakini hapo hakupata hata moja. Usiku mwingi amelala akiuwaza mti ule, mizizi yake, ugonjwa wake, kiu yake. Jina hakuwahi kuliwaza. Alidhani majina hutoka juu, kwa wakubwa, na yeye kazi yake ni kuuweka hai.

"Sijui," alisema, na kilio kikamshinda waziwazi. "Sijawahi kuulizwa."

"Basi fikiria. Nitangoja."

"Itachukua muda."

"Tuna msimu mzima."

Alitaka kumjibu kwa ukali, kwamba msimu huo ni yeye aliyeupoteza. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliona kupitia majani kwamba Twiga naye analia, kimya, shingo ndefu imeinama ili upepo wa barabarani umpige yeye mgongoni usipige mti.

"Inua chungu upande wako," Chiriku alisema. "Unakiinamisha."

Twiga akainua.

"Zaidi kidogo," alisema. "Hapo. Kaa hivyo hivyo."